Tulivyocheza Ngoma Juu ya Kifusi

Kama kuna kazi ninayoichukia hapa duniani ni kuhama. Sisemi kusafiri, ukinipa tiketi ya treni sasa hivi sitakuuliza tunaenda wapi. Nasema kuhama kwetu sisi wafugaji: kung'oa milango, kufunga vibuyu, kutia kuku kwenye matenga, kutanguliza ng'ombe halafu nyie mnafuata nyuma mkimeza vumbi lao. Nilizaliwa wazazi wangu wakiwa njiani, nikaolewa tukiwa njiani, na mtoto wangu wa kwanza nilimzaa chini ya mkokoteni, mvua inanyesha, baba yake amekwenda kutafuta ndama aliyepotea. Kwa hiyo tulipofika karibu na mji wa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini, siku ambazo tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, nikaiona ardhi inayotoa mahindi bila kubembelezwa, nilisema mbele ya watu wote kwamba mimi nimefika. Atakayehama tena atafute mke wa kuhama naye.

Mume wangu alicheka. Mama yake hakucheka. Tulimwita Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama, na alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio bonde la pili. Kwake yeye mahali palikuwa pazuri mpaka majani yaishe, basi.

"Wewe umefika," aliniambia. "Ng'ombe je, umewauliza?"

Ng'ombe walikuwa na neno lao. Kijiji chetu kilikuwa kando ya mgodi wa zamani, ulioachwa na Wazungu kabla ya uhuru. Walichukua walichokitaka wakatuachia mashimo, vipande vya reli vilivyoliwa na kutu, na kilima kizima cha kifusi, yaani mawe waliyoyatoa ardhini na kuyaona hayana faida. Mdomo wa shimo moja ulitoa maji mwaka mzima. Kiangazi kikikaza, vijito vyote vilikauka, na kisima chetu cha juu kilitosha vyungu vya watu tu, tena kwa kupanga foleni na kuchungana. Ng'ombe walibaki na maji ya mgodi, na maji yale yalikuwa mabaya.

Pembeni yalikuwa mekundu kama kutu, katikati yana rangi ya samawati ya kupendeza, na ukiyaonja ni kama umenyonya shilingi. Siku moja mume wangu alisahau kisu chake humo baada ya kuchuna ngozi. Alipokitoa kilikuwa kimevaa koti jekundu linalong'aa. Vijana wa kijiji walipagawa. Wakasema ni dhahabu, wakaanza kutumbukiza mapanga, majembe, hata kijiko cha mwenyekiti wa kijiji. Ilikuwa shaba tu, utando mwembamba wa kukwangua kwa kucha, na majembe yakatoboka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini kicheko kile hakikudumu. Maji yenye shaba ya kuvisha kisu yalikuwa yanapita kwenye matumbo ya mifugo yetu. Ng'ombe waliharisha, manyoya yakawasimama, na mitamba ikatupa mimba.

Mimi nilikuwa nauza maziwa ya mgando sokoni Kashaulili. Habari zikanitangulia. Wanawake niliozoea kutaniana nao wakaanza kuniuliza kwa upole, ule upole wa mtu asiyetaka kununua, "Dada, hivi ng'ombe wenu wanakunywa wapi?" Nilipanda mori, nikajibu vibaya, nikarudi nyumbani na vibuyu vimejaa.

Ndipo alipokuja Bwana Maji. Hivyo ndivyo tulivyomwita yule ofisa wa idara ya maji, Mbende wa huku huku, kijana mwenye miwani na pikipiki iliyokohoa kuliko babu yangu. Alikuwa anakaa Shanwe, kule mjini. Alichota maji kwenye chupa, akazipeleka kwa treni kwenye maabara, na majibu yaliporudi alikuja mwenyewe kutuambia. Shaba imezidi, risasi imezidi, chuma ndiyo usiseme. Wilaya ilikuwa imeamua: maji yakipimwa tena mwisho wa kiangazi kinachofuata na kukutwa vile vile, mdomo wa shimo utazibwa, na mifugo yote itahamishiwa upande wa Kasansa, kule Mpimbwe, ambako baadhi ya jamaa zetu walikuwa wametangulia.

Wanaume waliitikia kwa vichwa kana kwamba wameambiwa kesho kutakuwa na jua. Mtu asiyefuga anaweza kudhani ng'ombe watakwenda na watu watabaki. Hapana. Ng'ombe wakienda Kasansa, na mimi nitakuwa nyuma yao na tenga la kuku kichwani.

Nikasimama, jambo ambalo wake wa watu hawakulifanya sana kwenye mikutano ile. "Bwana Maji, maji machafu husafishwa. Haya yameshindikana nini?"

"Hayajashindikana, mama," alisema. "Yanahitaji chokaa. Chokaa ikiyakuta maji ya namna hii, ule ukali unapoa, na madini mazito yanaganda na kutulia chini kama tope. Lakini ni mabehewa ya chokaa, kila mwaka. Idara yenyewe haina petroli ya hii pikipiki."

Nilimpenda kwa kutonidanganya, ingawa siku ile ningeweza kumpiga.

Sasa niseme habari ya mafiga. Kwetu kaskazini kila mahali ni majabali, na jiwe lolote utakaloliokota ukaliweka jikoni litakaa mpaka wajukuu walirithi. Tulipofika huku, sisi wote tuliotoka kule tulifanya jambo lile lile: tulikwenda kwenye kifusi, tukachagua mawe mazuri, meupe-meupe, yenye pembe, tukayafanya mafiga. Wenyeji walitutazama bila kutuonya, nadhani kwa kufurahia mchezo. Baada ya muda mafiga yakaanza kupasuka. Yakawa yanamomonyoka kuwa unga mweupe, sufuria inainama, ugali unamwagikia majivuni, na ukigusa ule unga kwa mkono wenye maji unakuwasha kama upupu. Kila nyumba ya Msukuma ilikuwa na jiko lililopinda. Na Mayu hakutaka figa lililovunjika libaki nyumbani hata siku moja. Alisema linavunja na nyumba. Kwa hiyo wanawake wote tulikuwa tunabeba mabonge na unga wake, tunakwenda kuyatupa mbali, pale penye maji ya mgodi ambapo hakuna mtu anayepataka.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kimeanza kukaza nilipokwenda kutupa figa langu nikamkuta ndama wetu mmoja amesimama pale tunapotupia. Alikuwa amewapa mgongo ng'ombe wenzake waliokuwa wanakunja midomo upande wa pili, anakunywa taratibu, mkia unacheza. Nikasogea. Kijidimbwi kile kilichozungukwa na mafiga yaliyovunjika kilikuwa na maji maangavu mpaka unaona chini, na chini kulikuwa na tope laini la kijani na bluu. Nikachovya kidole nikaonja. Ladha ya shilingi ilikuwa imeondoka karibu yote.

Sikumaliza kutupa hilo figa. Nilitembea nalo kichwani mpaka Shanwe, juani, watu wananishangaa, nikalitua mezani kwa Bwana Maji juu ya karatasi zake.

"Chokaa yako hii hapa," nikamwambia. "Tunacho kilima."

Alinitolea macho, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa na kichupa cha tindikali. Alidondosha tone moja kwenye jiwe na jiwe likachemka povu, dalili ya chokaa. Siku ile ile alinipakia kwenye pikipiki, nimekumbatia figa, tukaenda kwenye kifusi, na huko alidondosha tone jiwe baada ya jiwe huku akinong'ona peke yake kwa Kibende. Mengi yalichemka. Lakini mengine hayakuchemka, yalikuwa na punje zinazometameta ndani yake na mazito kupita ukubwa wake. Akanipa moja nilishike.

"Hili lina risasi," alisema. "Tukilitia kwenye maji tutakuwa tunawapa ng'ombe sumu kwa mikono yetu. Ni lazima yachaguliwe, moja moja."

Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Mtu aliyezoea kuchagua mchele hashindwi kuchagua mawe. Jiwe jepesi lisilometa lilikwenda kulia, jiwe zito lenye kumeta lilirudishwa kilimani, na Bwana Maji akapita nyuma yetu na kichupa chake kuhakikisha. Tulianza na pipa moja la kujaribia. Alipima yaliyoingia na yaliyotoka kwa vikaratasi vyake vinavyobadilika rangi, akanipa mkono kama mwanaume mwenzake.

Kisha wanaume wakachimba. Mwenyekiti alipiga mbiu, na kwa vile kwetu kazi ya pamoja ikishaitiwa hakuna wa kukaa nyumbani bila kuimbwa vibaya, walitoka wote. Walichimba mfereji kutoka mdomo wa shimo, tukaujaza mawe yetu yaliyopondwapondwa, tukauelekeza kwenye bwawa dogo la kutuliza tope, na kutoka hapo maji yakamwagika kwenye lambo la kunyweshea. Tope la kijani tulikuwa tukilizoa na kulifukia mbali, mahali palipozungushiwa miiba. Na maji yakaja lamboni meupe. Ng'ombe wakanusa, wakanywa, wakanywa tena. Nilijisikia mwanamke mkubwa sana. Nilitembea pale kijijini mabega juu, na nilikuwa na haki.

Halafu yakaharibika. Si kwa siku moja. Kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja ng'ombe wakakunja midomo tena. Bwana Maji alikuja akainama mferejini, akachukua jiwe, akalikwangua kwa kisu. Nje lilikuwa jekundu, ndani jeupe.

"Kutu," alisema. "Chuma kilichomo kwenye maji kimeyavika mawe koti. Ndani bado ni chokaa, lakini maji hayaifikii tena. Yanatakiwa yasuguliwe yote, halafu yawe yanasuguliwa mara kwa mara. Kwenye nchi zenye uwezo wana mashine ya kuyageuza."

Tulijaribu kwa mikono. Tulikaa mferejini tunasugua jiwe kwa jiwe mpaka viganja vikachubuka, na tukifika mwisho wa mfereji, mwanzo umeshakuwa mwekundu. Wanaume wakaanza kukosekana. Mmoja akaonekana anarekebisha mkokoteni wake, mwingine anasuka matenga, na mimi nilijua hiyo maana yake nini. Mwisho wa kiangazi ulikuwa unakaribia, na pamoja nao vipimo vya mwisho. Niliwachukia kwa wepesi wao wa kukubali. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kilichotuokoa ni uchokozi wa Mayu.

Lazima ieleweke kwamba Wasukuma tuna vikundi vya ngoma vinavyoshindana, na ushindani huo si mzaha. Unaingia hadi ndani ya nyumba. Mayu alikuwa wa kikundi kimoja tangu usichana wake, nami na mume wangu tulikuwa wa kingine, na zilikuwepo siku tulizokula chakula cha jioni bila kusemezana kwa sababu ya wimbo. Katika kusugua mawe, mwenyekiti alikuwa ametugawa kwa vikundi hivyo: wao nusu ya juu, sisi nusu ya chini. Siku hiyo Mayu alisimama ukingoni, akautazama upande wetu, akasema kwa ile sauti yake ya bonde la pili kwamba ameona mengi lakini hajaona watu wanaobembeleza mawe kama watoto wachanga.

Mtu wa upande wetu akamjibu. Manju wao, yule mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao, akadakia kwa wimbo papo hapo, kwamba sisi tumekuja na mikono ya kukamulia tu. Wetu akajibu kwa wimbo mkali zaidi. Mtu akakimbia nyumbani kuleta ngoma. Na Mayu, mwanamke wa umri ule, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaingia mferejini na makatambuga yake ya tairi la lori, akaanza kucheza juu ya mawe.

Wenzake wakamfuata. Wakajipanga mistari, bega kwa bega, wanakanyaga kwa pamoja, wanasokota kisigino namna tunavyofanya, na mawe yakawa yanalia chini ya yale matairi kama mahindi kwenye jiwe la kusagia. Je, sisi tungekaa tunatazama? Niliingia na mimba ya miezi kadhaa, usiniulize, nikakanyaga. Ngoma mbili zikapigwa kwa mpigo. Maji yakawa mekundu, mazito kama uji wa mtama, yanatiririka kwenda chini, na mume wangu, huyo huyo aliyekuwa amekata tamaa, akapata akili ya kukimbia kuziba mlango wa bwawa ili uchafu ule uende kwenye shimo la pembeni.

Bwana Maji alisikia kelele tangu barabarani akadhani watu wanapigana. Alifika na pikipiki anapiga honi, anapunga mikono, "Tokeni! Mnaharibu mfereji! Nyie, tokeni!" Hakuna aliyemsikiliza. Kisha akatazama chini, pale mstari wa Mayu ulipokuwa umepita. Mawe yalikuwa meupe. Aliinama, akaokota moja, akaligeuza huku na huku, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mnaweza kufanya hivi mara ngapi?" aliuliza.

"Hawa wavivu wa upande wa chini wakiwepo," Mayu alisema akihema, "hata kesho."

Basi ikawa kila mwisho wa juma. Hakukuwa tena na haja ya mbiu. Anayekosa alijua jina lake litaimbwa. Habari zilienea mjini, watu wakawa wanatoka Shanwe na Kashaulili kuja kutazama. Wenye maduka wa Kiislamu walikuja na kofia zao nyeupe na magunia ya karanga za kuuza, wakijifanya wamekuja kwa biashara, na baada ya muda wakawa wana upande wanaoushangilia. Wale wanawake wa sokoni nao walikuja. Walisimama ukingoni mwa lambo, wakawaona ng'ombe wangu wanakunywa, manyoya yamelala na yanang'aa, wakaniuliza kama nimebakiza maziwa. Niliwauzia, ila niliwasubirisha kwanza.

Bwana Maji alichota chupa zake za mwisho kiangazi kilipokuwa kinakatika. Siku za kungoja treni ile irudi sikulala vizuri wala sikula vizuri, na nilimgombeza kila aliyenikaribia, hata kuku. Alipokuja hakuja peke yake; alikuja na wakubwa wa wilaya kwenye Land Rover, na moyo ukanishuka, maana wakubwa huja na gari kusema mabaya. Tulikaa chini kuwasikiliza. Mkubwa mmoja alizungumza kwa muda mrefu kuhusu serikali. Kisha akamwachia Bwana Maji, naye akasimama, akatutafuta kwa macho sisi wanawake wachagua mawe, akasema:

"Shaba imeshuka. Risasi imeshuka. Chuma kimeshuka. Maji haya yanafaa kwa mifugo na kwa bustani. Ya kunywa watu endeleeni na kisima cha juu, sitawadanganya. Lakini shimo halizibwi, na hakuna anayehama."

Sauti iliyotoka pale sijawahi kuisikia tena. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Mume wangu alininyanyua mbele ya watu, mimi na tumbo langu, mambo ambayo sisi hatuyafanyi. Nilikuwa nalia kwa sauti bila kujifuta, kwa furaha tupu, nikimwangalia kila mtu na kumpenda, hata mwenyekiti. Kilima kile cha mawe yaliyotupwa, ambacho Wazungu walikiona hakina faida, kilikuwa kimetushika miguu tusiondoke. Na sisi ndio tuliochagua kila jiwe kwa mikono yetu.

Jioni, wageni wameondoka, nilimkosa Mayu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na zizi, ameshika fimbo, anachora mstari mrefu mavumbini, halafu mwingine sambamba nao. Nilimuuliza anapima nini.

"Kaburi langu," alisema. "Hapa. Nisikie ng'ombe wakirudi."

Mwanamke huyu hakuwahi kuniruhusu hata kupanda mti wa kivuli, kwa kuwa alisema hatutakuwepo kuukalia. Nikamwambia asituletee habari za kufa siku kama ile.

"Nani anakufa?" alisema, bila kuinua macho, akiendelea kuchora. "Nawahi tu, kabla hamjachimba choo hapa."